Diana wa Hurumzi: shaba ya kweli, hadithi ya uongo

Nianze na hukumu, maana wengi hawasomi mpaka mwisho. Sanamu ni la kweli. Ni shaba nyeusi ya Kifaransa ya karne ya 19, limetoka kwenye kiwanda cha Ferdinand Barbedienne cha Paris, na mwenye uwezo na mahali pa kuliweka alinunue. Duka linaloliuza ni zuri kwa macho na baya kwa masikio: vitu vyake vina thamani kuliko maneno yake. Ama bei iliyobandikwa, shilingi milioni tisa, asiilipe mtu. Sababu nitaieleza kwa urefu, kwani imefanyika hapahapa kwetu, tena kwa mikono yetu.

Mie ni fundi shaba. Misumari ya milango, makasha ya njumu, madele ya kahawa, masinia, taa za kuning'inia. Kitu cha shaba kikivunjika Mji Mkongwe aghalabu hunipitia mkononi. Sanamu si kawaida yangu. Nilikwenda kwa sababu Bi mkubwa mmoja mwenye nyumba ya wageni Shangani, ambaye milango yake naitunza tangu mume wake yu hai, alimwona huyo Diana dirishani akampenda, kisha akaiona bei. "Fundi, nifuate," akaniambia. "Mie naona weusi tu. Wewe utajua kama ni shaba au ni rangi."

Jina la duka nalihifadhi. Liko Hurumzi, kwenye kichochoro kinachoteremkia Forodhani, na mlango wake una misumari iliyong'arishwa mpaka inaumiza macho. Mwenye duka ni mzee wa heshima, mtaa mzima unamwita Ami. Ana ukarimu wa kweli: kahawa inakuja kabla hujauliza bei, na kashata juu yake. Ndani kuna feni mbili zinazozungusha joto lilelile, saa za ukutani zilizosimama kila moja na wakati wake, makasha mawili mazuri sana, marashi yaliyokauka kwenye mirashi ya fedha, na sinia lililojaa riyali za Maria Theresa. Ami anawaonyesha watalii mwaka uliochorwa pale, 1780, anawaambia wahesabu wenyewe umri wake. Hasemi kwamba riyali zile zote zina mwaka huohuo. Malkia alifariki 1780, na watu waliendelea kuzipiga kwa sura yake na mwaka wake kwa vizazi baadaye, maana wafanyabiashara wa huku kwetu na Arabuni hawakutaka nyingine. Nilikaa kimya. Lakini nilijua tayari naingia duka la namna gani.

Diana amesimama juu ya meza ya mninga karibu na dirisha. Nilimpima: sentimita 43 pamoja na kitako. Ni msichana aliyeuweka uzito wake mguu mmoja, mwingine ameulegeza, uso ameugeuza kidogo pembeni kana kwamba kuna mtu amemwita na yeye hajaamua kuitika. Amevaa kanzu fupi yenye mikono mipana, imekazwa kwa mshipi, na miguuni ana makubadhi ya kamba. Juu ya kanzu anajifunga joho: mkono wa kulia umeinuka, vidole vinakamata pindo begani penye bizimu. Basi. Hana upinde, hana mbwa, hana paa pembeni yake. Bi mkubwa alimtazama kitambo, akasema, "Huyu anajitanda, ana safari." Nimesoma maelezo marefu ya wataalamu kuhusu sanamu hili na sijaona aliyelipata kwa maneno machache zaidi.

Sanamu la asili ni la marumaru, lina kimo cha sentimita 165, na liko Louvre, makumbusho makubwa ya Paris. Lilifukuliwa 1792 Gabii, mji wa kale jirani na Roma, katika ardhi ya ukoo wa Borghese, na aliyekuwa akichimba ni Gavin Hamilton, Mskoti aliyekuwa mchoraji kwanza na mtafutaji wa vitu vya kale baadaye. Mwaka 1807 Napoleon aliununua mkusanyo wa Camillo Borghese, ambaye alikuwa shemeji yake, na msichana huyu akaondoka Italia pamoja na wenzake wengi. Ndiyo maana kila mahali anaitwa Diana wa Gabii. Kwa Warumi ni Diana, kwa Wagiriki ni Artemi, mungu wao wa kike wa mawindo. Jirani yangu Mkristo aliposikia jina hilo alicheka, akanikumbusha kisa cha Demetrio wa Efeso, mfua fedha aliyewachochea mafundi wenzake kwa sababu mahubiri ya Paulo yalikuwa yanawaharibia soko la vihekalu vya Artemi. Kwa hiyo ugomvi wa mafundi na bidhaa za huyu bibi haukuanzia Hurumzi.

Na jambo moja nimpongeze aliyemchagua, yeyote yule aliyemleta Unguja. Miungu wengi wa kike wa mafundi wa Ulaya wako nusu uchi. Zuhura (Venus) wa Milo, aliyefukuliwa 1820 na ambaye Barbedienne huyohuyo alimtoa kwa saizi mbalimbali, hana mikono wala nguo ya juu. Ami angemweka wapi? Dirishani, na watoto wanapita kwenda chuoni? Diana wa Gabii kavaa, na bado anaendelea kuvaa.

Sasa kazi yenyewe. Barbedienne alizaliwa 1810, akaanza maisha akiuza karatasi za kupamba kuta. Mwaka 1838 aliungana na Achille Collas, ambaye alikuwa amebuni mashine ya kupunguza sanamu. Mashine hiyo, kwa anayetaka kuielewa haraka, aende Darajani akamtazame kijana anayechonga funguo: ncha moja inapita juu ya ufunguo wako wa zamani, nyingine inakata ufunguo mpya kwa kufuata mwendo uleule. Ya Collas ilifanya hivyo kwa umbo zima, tena ikipunguza kwa kipimo, nusu, robo, au vyovyote fundi alivyoipanga. Kwa hiyo msichana wa sentimita 165 aliweza kukaa juu ya meza ya daktari au mwalimu wa Paris bila kupotewa na hata kunjo moja la nguo. Mwaka 1851 kazi zao zilipata medali kwenye Maonyesho Makuu ya London, na biashara ikawa kubwa.

Mashine lakini ilitoa mfano tu. Shaba ilisubiwa na watu, kwenye mchanga laini uliofinyangwa ndani ya masanduku ya chuma, na mara nyingi sanamu lilitoka vipande vipande, mikono mbali, kiwiliwili mbali, kisha vikaunganishwa kwa pini na kupigwa tindo mpaka mshono usionekane. Nilimgeuza Diana kichwa chini juu ya kanga ya Bi mkubwa iliyokunjwa. Ndani ni tupu, kama inavyotakiwa, ukuta wa shaba una unene wa kadiri, na uso wa ndani una chembe za mchanga wa kalibu. Kwa tochi niliuona mshono wa mkono wa kulia kutokea ndani. Kwa nje nilitafuta kwa ukucha sikuupata. Hapo nilikaa chini, kusema kweli. Mimi husubu vipuli vya milango na najua inavyokuwa tabu kuficha kiungo kwenye kitu bapa. Huyu alikificha kwenye mkunjo wa kanzu, na baada ya hapo akapitisha tindo juu ya kitambaa kizima ili pasiwe na sehemu iliyoguswa zaidi ya nyingine. Kucha za vidole vya miguu zimechongwa moja moja. Kamba za makubadhi zina ncha kali bado.

Ukali huo ni ushahidi pia. Mtu akichukua sanamu la Barbedienne akalifanya mfano, akasubu lingine, shaba mpya ikipoa inasinyaa, hivyo nakala ya nakala hutoka ndogo kidogo na kila kitu kimelainika, kucha zinakuwa uvimbe tu. Huyu hakulainika. Kwenye ukingo wa kitako kuna maandishi F. BARBEDIENNE FONDEUR, na nyuma muhuri wa duara wa Collas. Muhuri huo peke yake hauwezi kukupa mwaka, kwani Collas alifariki 1859 na muhuri ukaendelea kutumika. Barbedienne alifariki 1892, kiwanda kikashikwa na mpwa wake Gustave Leblanc, na kazi za baadaye hubeba jina la Leblanc-Barbedienne. Jina hilo halipo hapa. Nikiyaweka pamoja maandishi, namna ya usubuji na uchakavu wa chini ya kitako, nasema nusu ya pili ya karne ya 19, na sitaki kulazimishwa zaidi ya hapo.

Ami yeye hakusita. Kwenye kadi iliyo mbele ya sanamu ameandika kwa Kiingereza na Kiswahili kwamba hili ni sanamu la malkia, zawadi ya Mfalme wa Ufaransa kwa Sayyid Barghash. Nikamuuliza kwa adabu, "Ami, mfalme gani?" Akasema, "Fundi, wafalme wao wengi, nani anawahesabu?" Wanahesabika. Napoleon III, kaisari wao wa mwisho, alitekwa vitani na utawala wake ukaanguka Septemba 1870. Sayyid Majid alifariki Oktoba 1870, ndipo Barghash akakalia kiti, akatawala mpaka 1888. Miaka yote ya Barghash, Ufaransa ilikuwa jamhuri. Hapakuwa na mfalme wala kaisari wa kumpelekea mtu kitu. Zawadi ya rais ingewezekana, lakini kadi haisemi rais, na karatasi yoyote ya kuonyesha njia ya sanamu hili kutoka Paris mpaka Hurumzi haipo.

Wala hapahitajiki sultani. Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Ufaransa 1844, na walikuwako hapa konseli wao na wafanyabiashara wao wa kauri na karafuu. Mapadri wa Kifaransa walifika 1860 wakafungua karakana za kufundishia ufundi Shangani, ingawa hao nawatoa kwenye orodha, sidhani padri angesafiri na Diana kwenye sanduku. Nyumba za matajiri wa mji huu zilijaa saa na vioo kutoka Ulaya, mambo ambayo Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliyaeleza kwa mkono wake. Kitu kama hiki kingeweza kuingia kwa mlango wowote, hata kikaja na meli juzi kutoka mnada wa Ulaya. Ukimnunua Diana, nunua shaba. Hadithi usiilipie hata senti tano.

Nije kwenye lililonikera.

Shaba nyeusi ikitoka kwenye kalibu na kupigwa tindo haiwi nyeusi. Ina rangi ya dhahabu iliyopauka, kwa sababu ni shaba nyekundu kiasi cha asilimia 90 hivi, iliyochanganywa na bati na pengine zinki kidogo. Ule wekundu wa kahawa, au weusi unaokaribia kijani, huwekwa na fundi mwingine kabisa: anaipasha moto shaba, anapaka dawa zake kwa brashi, anaosha, anapasha tena, tabaka juu ya tabaka, mwisho anapaka nta. Paris ile ilikuwa kazi ya mtu peke yake, na wateja walichagua rangi. Ngozi hiyo, ikikaa miaka mia na ushee bila kuguswa, inapata kina ambacho hakuna dawa inayoweza kukirudisha. Mkusanyaji anayejua huiangalia ngozi kabla hajaangalia jina.

Diana wa Hurumzi ngozi yake ni ya kahawia iliyoiva, imesalimika mgongoni kote na kwenye mikunjo ya joho. Lakini uso wake ni wa manjano. Bega la kulia manjano. Goti manjano. Kijana wa duka alimwona mweusi akadhani ni uchafu, akafanya kama tunavyofanya sote na misumari ya milango: ukwaju, chumvi, jivu, kitambaa, na nguvu. Ami alinionyesha kwa fahari. "Tumeanza kumsafisha, fundi. Bi mkubwa akimchukua, kijana atammalizia mwili mzima mpaka ang'ae, bure."

Nilimwomba kijana anipe kile kitambaa. Sikumgombeza, mtoto kafunzwa kazi na kaifanya vizuri mno; pua ya Diana inang'aa kuliko mlango. Kwetu shaba isiyong'aa ni aibu ya mwenye nyumba. Mama zetu walisugua masinia kila ikikaribia Idi, na mimi mwenyewe nalisha watoto kwa kung'arisha. Msumari wa mlango ni shaba ya manjano nene, haukupakwa ngozi yoyote, usugue upendavyo. Sanamu si msumari. Kila ukisugua unaondoa kazi ya mtu aliyelipwa kuiweka.

Na ukwaju na chumvi vina ubaya wa ziada ambao hauonekani siku ile. Nilimwangalia kwa kioo cha kukuza, na chini ya kwapa, mahali kitambaa hakikufika kukausha, nikakuta unga wa kijani kibichi uliopauka. Si ile kutu ngumu ya kijani iliyokolea, ambayo haina neno. Huu unakwanguka kwa kijiti cha meno na kesho unarudi. Chumvi ikiingia kwenye vitundu vya shaba inafungamana nayo, kisha unyevu wa hewa unaiamsha. Inatoa asidi, asidi inakula shaba safi, na shaba iliyoliwa inazaa unga mwingine, mzunguko hauishi wenyewe. Wenye makumbusho huuita ugonjwa wa shaba na huweka vitu vyao kwenye makabati makavu. Sasa sisi tuko kisiwani. Upepo wa bahari peke yake unaleta chumvi ya kutosha dirishani, masika kuta zinatoka jasho, halafu tunaiongeza nyingine kwa mkono?

Nilimweleza Ami yote haya. Nitasema haki: alisikiliza. Aliuliza maswali ya mtu mwenye akili, kwa mfano kama unga ule unaambukiza sinia lililo jirani (hauruki wenyewe, lakini usitumie kitambaa kimoja), na kama rangi ya uso inaweza kurudishwa. Inaweza kupakwa upya, na fundi hodari anaweza kuifananisha mpaka mgeni asitambue, ila itakuwa ni kiraka, na muuzaji mwaminifu atapaswa kukitaja. Hapohapo bei ikashuka hadi milioni saba. Bi mkubwa akanyamaza, ananyamaza vizuri sana yule mama, ikashuka hadi sita na nusu.

Wakati wananyamaziana nilizunguka dukani, na huko nyuma nikamkuta mwenzake Diana. Ami anamwita Zuhura: mwanamke ameinua taa, nywele zinapepea, rangi nyeusi tii, kibandiko kinasema shaba ya Kifaransa, milioni nne. Mfaransa inawezekana kabisa. Shaba si yeye. Ni zinki iliyopakwa rangi, na Wafaransa walitengeneza nyingi za namna hii kwa wasioweza kununua shaba, hasa kwa kupamba saa na taa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za sentigredi, chini ya nusu ya moto wa shaba nyeusi, inamiminwa upesi na kwa gharama ndogo, lakini haishiki ncha kali na ukiiangusha inavunjika. Huyu alishavunjika kidole gumba, na penye jeraha ni kijivu chenye chembechembe zinazometa. Shaba ikijeruhiwa ni ya dhahabu ndani.

Ami alitoa sumaku kunithibitishia: haikunasa. Sumaku hiyo ameshawaonyesha wengi, naamini. Haisaidii kitu, kwa sababu hainasi kwenye shaba na hainasi kwenye zinki vilevile. Inakwambia tu kwamba si chuma. Wewe fanya hivi. Mwinue, usikie uzito wake mkononi. Mgonge kwa kucha taratibu: Diana anaitika kwa sauti inayokaa hewani kidogo, Zuhura anasema "ko" basi. Mgeuze utazame chini ya kitako, kwenye mikwaruzo ambayo hakuna aliyejali kuipaka rangi. Muuzaji akikukatalia kumgeuza, kunywa kahawa yake, mshukuru, nenda zako. Ami hakunikatalia chochote, na hilo nalihesabu kwenye upande wake mzuri.

Sasa utauliza kwa nini Bi mkubwa hakumnunua, maana hakumnunua. Alikuwa ameshafika milioni tano na Ami ameanza kulegea. Kisha akapiga simu kwa kaka yake mkubwa, yuko Wete, na kaka akasema sanamu la kiumbe haliingii kwenye nyumba inayosaliwa, iwe ya wageni iwe ya wenyeji. Alijaribu kidogo, akamwambia kwamba litakaa ukumbini tu, kwamba amevaa vizuri. Jibu likawa lilelile. Akafunga simu, akasema, "Haya, yamekwisha," na hakuonekana kuudhika. Akahamia kwenye makasha. Mie kazi yangu ni shaba, fatwa ina wenyewe. Lakini anayesoma hapa na anaishi na wazee wake, afanye mazungumzo hayo nyumbani kabla ya kwenda Hurumzi, sio akiwa na kalamu mkononi.

Kasha alilochukua ni zuri, nalo nililikagua: njumu zake nyingi ni za asili, bawaba moja imebadilishwa, vijidroo vya ndani vinafunguka bila kukwama. Ami alilipeleka mpaka Shangani kwa mkokoteni wake bila malipo na akatoa risiti iliyoandikwa vizuri. Huduma hiyo sina la kuitia kasoro.

Kwa hiyo Diana bado yupo, na ushauri wangu kwa atakayemtaka ni huu. Milioni tano ni bei ya haki kwa sanamu la kweli lenye uso uliochubuliwa. Kama Ami angemwacha kama alivyomkuta, ningeona hata saba si mbaya. Mwambie asiguswe tena tangu siku utakayolipa arubuni. Ukifika naye nyumbani, mwondolee ule unga kwa kijiti cha mti, mpanguse kwa maji safi yasiyo na chumvi, yale ya betri ya gari yasiyotiwa asidi yanafaa, mkaushe sana kwa kikaushio cha nywele, na angali ana joto mpake nta nyembamba kwa brashi laini, akipoa msugue kwa kitambaa cha pamba. Nta usiipake tena mpaka uone maji hayatelezi juu yake. Mweke mbali na dirisha la baharini. Uso wa manjano uache vilevile. Hewa itautia kivuli polepole, na mie naona ni bora kuliko rangi ya kubandika. Kama nia yako ni kumtoa nje ya nchi, pitia kwanza kwa watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale uulize kibali, usingoje kuulizwa uwanja wa ndege.

Nenda baada ya alasiri, asubuhi Ami hayupo na kijana hana ruhusa ya kupunguza bei. Ijumaa anafungua jioni. Pesa taslimu anazipenda zaidi, ingawa simu anapokea. Kadi ya Mfalme wa Ufaransa niliambiwa imeondolewa. Mwingine aliyepita juzi akaniambia imerudi, sasa imeandikwa Napoleon. Na ukivutiwa na Zuhura mwenye taa, laki mbili, si zaidi, tena waya wa umeme ubadilishe kabla hujauchomeka.